Kushuka MV Kalangala na kuizunguka Kampala siku hiyohiyo: uzoefu wangu

Shangazi yangu alikuja kutoka Mombasa kunitembelea, nikampeleka visiwa vya Ssese, ndani ya Ziwa Viktoria. Siku ya kuondoka, ndege yake ilikuwa ya usiku. Nikamwambia tupumzike Entebbe, akakataa katakata: hawezi kurudi kwao akaseme alifika Uganda akaona maji tu. Basi nikakodi gari pamoja na dereva, kupitia wakala mmoja wa utalii.

Meli ya MV Kalangala huondoka Lutoboka, bandari ya huko visiwani, saa mbili asubuhi na huchukua kama saa tatu na nusu hadi Nakiwogo, Entebbe. Maana yake unashuka adhuhuri inakaribia, na bado hujafika mjini. Dereva tulimkuta anasubiri na mizigo ikaingia kwenye buti papo hapo. Kwa hilo nampa alama zote, kwani kuzunguka Kampala na mabegi juu ya boda si jambo la kumfanyia mtu mzima. Tatizo lilikuwa ratiba yake: Kasubi, Rubaga, Namirembe, Mengo, msikiti mkuu, makumbusho, soko la Owino, hadi hekalu la Wabahai. "Jajja (yaani bibi), vyote tutaviona," akamhakikishia shangazi. Kwa foleni za Kampala? Nikafuta nusu nzima kabla hatujatoka bandarini.

Barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2018 inakutoa Busega, magharibi mwa jiji. Ukitokea hapo, Rubaga, Mengo, Namirembe na Old Kampala vyote viko upande wako, wala huhitaji kukatiza katikati ya mji. Kaa kwenye vilima hivyo. Anayekupeleka makumbusho na Owino mchana huohuo anakuuzia kukaa garini.

Tulianza na msikiti wa Old Kampala, ambao wengi bado wanauita wa Gaddafi. Ujenzi ulianzishwa enzi za Idi Amin, ukakwama alipong'olewa 1979, ukaja kukamilishwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa rasmi 2008. Wanawake wasio na vazi la stara hupewa nguo ya kujifunika. Shangazi alikuwa na leso zake mbili na akawatazama wanaovalishwa kwa huruma kidogo. Akaswali adhuhuri kwanza, ndipo tukaupanda mnara. Ngazi zinakaribia 300, za kuzunguka. Nilidhani atarudi katikati. Alipumzika kila penye dirisha, akazungumza Kiswahili na kijana aliyetuongoza mpaka nikahisi mimi ndiye mgeni, na akafika juu.

Kule juu ndiko Kampala inakoeleweka. Unaona kanisa la Namirembe kwenye kilima chake, Rubaga ya Wakatoliki kwenye chake, msikiti wa Kibuli ng'ambo, na huku chini magari ya abiria yamebanana kwenye stendi kama dagaa mkekani. Kila dini na kilima chake. Hata kama una saa moja tu, itumie hapa.

Chakula cha mchana kilikuwa luwombo ya kuku, ndani ya jani la mgomba. Kizuri. Kilichelewa.

Mengo tuliona Bulange, jengo la bunge la Buganda, kisha ile barabara iliyonyooka kuelekea kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda. Katikati ya mzunguko wa magari ulio kwenye barabara hiyo kuna njia yenye geti ambayo ni ya Kabaka peke yake. Sisi wengine tunazunguka. Kasri hilo lilishambuliwa na jeshi la Obote mwaka 1966, Kabaka wa wakati huo, Muteesa wa Pili, akakimbilia uhamishoni, na akafia London 1969. Kwenye uwanja wake kuna mahandaki ya zege ambamo watu waliteswa na kuuawa enzi za Amin. Shangazi alikataa kuingia. Mimi niliingia nikatoka haraka, usiwapeleke watoto.

Kasubi tuliiacha. Makaburi ya makabaka wanne, yaliyoingia orodha ya UNESCO 2001 na kuungua Machi 2010, si mahali pa kupitia ukiangalia saa.

Tuligeuza saa kumi, kabla foleni ya jioni haijashika, tukafika Entebbe mapema. Hapo ndipo dereva akadai shilingi 10,000 za ushuru wa barabara, kwenda na kurudi, ilhali wakala alisema bei ina kila kitu. Si pesa nyingi, lakini nilimpigia wakala mbele yake, na simu haikupokelewa. Shangazi akalipa yeye, akamwambia dereva: "Mwanangu, hii nakupa wewe, si tajiri wako."