Ndoana za “4X” zilizonikosesha kolekole Fungu Kizimkazi

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa.

Nilinunua pakiti ya ndoana za ncha tatu, saizi 3/0, kwenye duka moja la vifaa vya uvuvi hapa Dar. Jina la duka nalihifadhi. Pakiti imeandikwa 4X, maana yake waya ni mnene kuliko wa ndoana ya kawaida ya saizi hiyo hiyo. Nilimuuliza muuzaji mara mbili kama zitamhimili kolekole. “Kaka, hizi za bahari, chukua tu.” Nikachukua.

Mwanzoni mwa kaskazi tukachanga mafuta watu wanne, tukatoka usiku kwenda Fungu Kizimkazi. Anayepajua anajua: kisiwa kidogo kitupu, ndege wamejaa, na pembeni yake bahari inazama ghafla. Alfajiri nikarusha chambo bandia cha juu ya maji, nakivuta kinatapanya povu, mara nikaona mgongo mweusi unakifuata. Akakibamiza. Fimbo ikapinda mpaka kwenye mpini, mashine ya kukunjia mshipi ikalia, nahodha akageuza boti ili samaki asituingize kwenye mwamba. Dakika kama 6 hivi. Kisha mshipi ukalegea.

Ungekatikia kwenye mwamba ningeelewa. Lakini mshipi mzima, fundo zima, pete nzima. Ndoana ya tumboni mwa chambo, ncha moja imekunjuka, imenyooka kama sindano ya kushonea magunia. Nahodha ni mtu mzima, amevua kabla sijazaliwa. Aliishika, akaikunja tena kwa koleo bila kutumia nguvu, akanirudishia. “Mwanangu, huu waya wa kufungia kuku.”

Nilirudi dukani nayo mfukoni. Sikwenda kugombana, wala kudai pesa. Nilitaka aione, amwambie aliyemletea mzigo. Hata hakuipokea. Macho kwenye simu: “Kaka, mimi nauza ndoana, siuzi ujuzi.” Mbele ya wateja! Duka ambalo nimepeleka hela yangu miaka na miaka.

Nilipofika nyumbani niliilaza kando ya ndoana yangu ya zamani, 4X vilevile, 3/0 vilevile. Ya kwake ni nyembamba, unaona kwa macho tu. Samaki mkubwa mara nyingi anashikwa na ncha moja, mbili zinaning’inia bure, kwa hiyo uzito wote wa samaki unabebwa na kipande hicho kimoja cha waya. Ndiyo maana unene si jambo la urembo.

Haki yake nimpe. Breki ya mashine, ile inayozuia mshipi usitoke, niliikaza sana, nahodha alinionya. Kwa mzia wa karibu na ufukweni ndoana hizo zilifanya kazi, tena zilikuwa kali. Na kutu lilikuwa kosa langu: safari moja nilifungia chambo kwenye boksi vikiwa na maji ya chumvi, kesho yake vimeshashika rangi ya chai. Siku hizi nikirudi tu nasuuza kwa maji ya bomba, nafuta, naviacha kivulini mpaka vikauke kabisa ndipo nifunge boksi, na ndoana iliyoanza kutu siichanganyi na nzima. Ncha naipima kwenye ukucha. Ikiteleza naipitishia tupa laini mara mbili tatu, ikikataa naibadilisha.

Kwa hiyo nilitaka kutoa nyota tatu. Lakini kila nikiitazama ile ya zamani, imepigwa chumvi misimu miwili, imekazwa breki ile ile, mkono ule ule, na haijawahi kunyooka! Ujuzi gani anaousema? Hapana. Nyota moja.

Ukienda kununua, beba ndoana unayoiamini uilinganishe palepale kaunta, usisome pakiti. Ila usikimbilie nene kupita kiasi. Niliwahi kufunga 5/0, kubwa na nzito kuliko 3/0, kwenye chambo kidogo, kikazama mkia na kuacha kuogelea. Mimi kwa kolekole nimeanza kufunga ndoana ya ncha moja, nene, mbele na nyuma. Chambo kinacheza vizuri, na kuitoa ndoana mdomoni mwa samaki ni rahisi zaidi.

Kwenye pakiti zilibaki 4. Kuna kijana wa jirani aliziomba akavulie. Nilimnunulia nyingine, zile nikazikata kwa koleo.