Mkoba wa maji au chupa kwa mpanda pikipiki wa Goma

Anayeendesha pikipiki juu ya mawe ya lava ambayo volkano ya Nyiragongo iliyamwaga Goma mwaka 2002 hawezi kuachia usukani ili afungue chupa, na hapo ndipo mkoba wa maji wa mgongoni unapoishinda: mfuko wake wa lita 2 au 3 hunywewa kwa mrija unaopita begani, kidogo kidogo, bila kusimama. Mwenye chupa husimama akiwa koo limeshakauka.

Katika usafi, hata hivyo, chupa haina mpinzani, kwani mrija wa mkoba, hasa ukibaki na juisi ndani, huota ukungu mweusi usioonekana upesi. Mimi humwaga maji siku ileile, nikasugua mrija kwa brashi nyembamba, nikasuuza kwa maji ya uvuguvugu yenye bikabonati ya soda, kisha nikautundika mfuko mdomo wazi, ukiwa na kijiti safi ndani ili kuta zake zisigandamane. Kinywa cha mrija, ambacho hupokea vumbi lote la njia, wengi hukisahau.

Kwa safari fupi za mjini, sioni sababu ya kujitwisha kilo 3 mgongoni, chupa yatosha.