Jukwaa la wageni Blundell Park: tathmini ya mshabiki wa Lupopo aliyefika kwa Grimsby Town

Wengi wetu hapa Lubumbashi, Kongo, tulilisikia jina la Grimsby Town kwa mara ya kwanza usiku wa tarehe 27 Agosti 2025, pale timu hiyo ya daraja la nne ilipoitoa Manchester United katika Kombe la Ligi kwa penalti 12 kwa 11, baada ya sare ya mabao 2-2. Katika chumba cha televisheni cha mtaani kwetu, commune ya Kenya (ni jina la sehemu ya Lubumbashi, si nchi), watu walitoka kimya kama wanaotoka kwenye kilio. Msimu huohuo nilipata nafasi ya kwenda kumtembelea mdogo wangu anayeishi katika mji mdogo wa katikati ya Uingereza, na Jumamosi moja akanichukua hadi uwanja uleule wa Blundell Park, tukiwa mashabiki wa ugenini, upande wa timu anayoishabikia yeye. Naandika tathmini hii kwa ajili ya ndugu zetu wanaokwenda huko kuwaona watoto au wadogo zao, na ambao wanadhani kwamba mpira wa Uingereza unaonekana Manchester na London peke yake.

Nitoe hukumu yangu mapema: kwa huduma anayopewa mgeni, nimeupa uwanja huu nyota nne kati ya tano, na nyota moja niliyoizuia nitaieleza. Nimekuwa mshabiki wa Saint-Éloi Lupopo, klabu ya hapa Lubumbashi, tangu nilipoanza kutembea, kwa kuwa baba alifanya kazi ya reli na katika nyumba ya mtu wa reli hapakuwa na timu nyingine ya kuzungumzia. Nimekwenda ugenini mara nyingi. Sikuwahi kufika katika uwanja wa wapinzani nikakuta kwamba mahali pangu palikuwa pametayarishwa na kuhesabiwa kabla sijatoka nyumbani.

Tuanze na tikiti, maana hapo ndipo utaratibu wote unapoanzia. Mshabiki wa ugenini hanunui mlangoni kwa wenyeji. Ananunua kwa klabu yake mwenyewe, ambayo imepewa fungu la viti. Kanuni za ligi zinazosimamia daraja la pili hadi la nne zinamtaka mwenyeji awatengee wageni nafasi 2,000, au asilimia 10 ya viti ikiwa uwanja unachukua watu chini ya 20,000. Blundell Park unachukua watu kama 9,000, kwa hiyo wageni wana haki ya nafasi karibu 900. Kanuni hizohizo zinakataza kumtoza mgeni bei kubwa kuliko anayotozwa mwenyeji kwa kiti cha hali ileile. Mdogo wangu alilipa zaidi kidogo ya pauni 20 kwa kila mmoja wetu, na tikiti zikafika katika simu yake siku nne kabla ya mechi. Kwangu mimi, ambaye nimezoea kununua tikiti kwa kijana aliyesimama chini ya mti huku bei ikipanda kadiri saa ya mechi inavyokaribia, jambo hilo peke yake lilistahili nyota moja.

Safari ilikuwa ya treni, na jina la mji linaweza kumpoteza mgeni, kwa sababu uwanja wa Grimsby Town haupo Grimsby. Upo Cleethorpes, mji jirani wa pwani, na klabu imekuwa ikicheza hapo tangu mwaka 1899. Treni hupita kando ya bandari ya zamani, ambapo unauona mnara mrefu wa matofali wa mwaka 1852, wenye urefu wa zaidi ya mita 90, ukiwa umesimama peke yake juu ya maji. Mnara huo ulinishika moyo, kwa maana nilipouona nilikumbuka bomba la moshi la Gécamines, kampuni yetu ya madini, ambalo mtoto wa Lubumbashi akiliona kwa mbali anajua kwamba amefika nyumbani. Miji hii miwili inafanana kuliko nilivyotegemea. Grimsby ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa za uvuvi duniani, hadi mgogoro na Iceland juu ya bahari ya kuvulia ulipomalizika mwaka 1976 na meli za Uingereza zikafungiwa maji yale. Tangu hapo kazi ilipungua, vijana wakatawanyika, na timu ikabaki. Sisi tulioona mishahara ya Gécamines na ya reli ikikatika tunaelewa maana ya timu kubaki wakati kazi imeondoka.

Baada ya bandari, reli inapita nyuma kabisa ya jukwaa kuu la uwanja, kati ya jukwaa hilo na mdomo wa mto Humber. Unaona migongo ya mabati na taa za uwanja upande mmoja, na upande wa pili maji ya kijivu na meli zinazokwenda polepole. Mdogo wangu aliniambia, "Yaya, tazama, uwanja wa watu wa reli ni huu." (Kwetu yaya ni ndugu mkubwa.) Tulishuka Cleethorpes na kurudi kwa miguu zaidi ya dakika 20.

Kabla ya kuingia tulikula, na nawashauri mfanye hivyo hivyo, kwa sababu chakula cha mji huu ni sehemu ya ziara. Samaki wao ni haddock, mwenye nyama nyeupe, wa ukoo mmoja na wale wanaokaushwa kwa chumvi na kutufikia sokoni kwa jina la makayabo. Hapa huchovywa katika unga mwepesi na kukaangwa katika mafuta mengi, ukawekewa chipsi nene, chumvi na siki, pamoja na njegere zilizopondwa kama uji mzito. Ngozi ya unga ilivunjika kwa sauti nilipoigusa kwa uma wa mbao, na mvuke uliotoka ndani ulikuwa na harufu safi ya bahari. Pilipili haikuwepo. Mwanamke aliyetuhudumia aliiona skafu ya mdogo wangu, akajua kwamba sisi ni wapinzani, na akatuongezea chipsi huku akitutakia safari njema na matokeo mabaya. Samaki yule angetosha bukari, yaani ugali, ya watu wawili.

Uwanja umezungukwa na nyumba za matofali zilizoshikana, kiasi kwamba unatembea katika mtaa wa kawaida wenye mapazia na mapipa ya taka, halafu ghafla ukuta mmoja unakuwa ukuta wa uwanja. Wageni wana milango yao, nyuma ya goli moja, katika jukwaa liitwalo Osmond. Mlango wenyewe ni geti la chuma la kuzunguka, jembamba, linalopitisha mtu mmoja tu kwa wakati, na kila anayepita anahesabiwa. Mlinzi wa uwanja, mzee mwenye koti la rangi ya chungwa, alikagua mfuko wangu, akaniuliza kama ni mara yangu ya kwanza, kisha akanionyesha choo kilipo, chakula kilipo, na ngazi ya kutokea ikiwa kutakuwa na hatari.

Nilisimama kidogo baada ya geti lile. Nilipokuwa na miaka kumi na sita, katika mlango wa uwanja mmoja wa nyumbani ambao sitautaja, nilibanwa na umati hadi miguu yangu ikaacha kugusa chini, na mtu nisiyemjua alinivuta kwa kola ya shati juu ya vichwa vya wengine. Sote tunaikumbuka Mei 2014, pale watu 15 walipopoteza maisha katika uwanja wa Tata Raphaël mjini Kinshasa, siku ya mechi ya Vita Club na Mazembe. Waingereza nao hawakuzaliwa na utaratibu wao. Waliupata baada ya msiba wa Hillsborough, mjini Sheffield, tarehe 15 Aprili 1989, ambapo watu waliingizwa katika vizimba vilivyokwisha kujaa na mashabiki 97 wa Liverpool wakafa. Uchunguzi uliofuata ndio uliobadilisha viwanja vya nchi nzima. Kwa hiyo mtu asije akaona kwamba kuhesabiwa mlangoni ni kupotezewa muda. Mimi nilikuwa tayari kuhesabiwa mara mbili.

Ndani, jukwaa la Osmond ni la zamani, lenye paa la chini na viti vilivyokaribiana sana, na golikipa yupo karibu kiasi kwamba unamsikia akiwapangia mabeki wake kazi. Jukwaa kuu, lililo upande wa reli, lina sehemu iliyojengwa mwaka 1901, ambayo ni miongoni mwa majukwaa ya kale kabisa yanayotumika bado katika mpira wa kulipwa. Mbao zake na nguzo zake zinaonekana wazi. Upande wa pili kuna jukwaa la ghorofa, na wanaoketi juu yake wanaweza kuona meli zikipita katika Humber wakati mchezo unaendelea. Wenyeji huvaa mistari myeusi na myeupe. Mashabiki wa Lupopo watanielewa nikisema kwamba rangi hizo mbili zikikutana mbele yangu damu huchemka yenyewe, kwa kuwa ndizo rangi za majirani zetu wa Kamalondo, Mazembe. Bahati ikawa kwamba timu ya mdogo wangu inavaa njano na bluu. Nilitoa skafu yangu ya Saint-Éloi, ya rangi hizohizo, niliyoibeba kutoka nyumbani, nikaivaa, na hakuna aliyeiona kuwa ngeni.

Kuhusu makelele, nawapa wenyeji haki yao. Walipoanza kuimba nyuma ya goli la mbali, walinyanyua samaki wa plastiki waliojazwa upepo, mamia yao, wa rangi ya fedha, wakawa wanaruka juu ya vichwa. Klabu inaitwa Mabaharia, na samaki hao wameandamana nayo kwa miaka mingi. Sisi tulikuwa kama mia nne. Lakini paa la chini linasaidia: wimbo wa watu mia nne hurudi chini na kuwa wimbo wa watu elfu. Timu yetu ilipofunga katika kipindi cha pili, mzee aliyekaa kushoto kwangu, ambaye kwa saa nzima alikuwa hajasema neno zaidi ya kunimiminia chai kutoka katika chupa yake, alinikumbatia kwa nguvu hadi kofia yake ikaanguka safu ya mbele. Chini yetu walinzi walikuwa wamesimama wakitutazama sisi, migongo yao ikiwa uwanjani, na hakuna hata mmoja aliyetuzuia kufurahi. Katika kelele ile treni ilipita nyuma ya jukwaa kuu. Nilisikia tu mlio wake mfupi, na nikamkumbuka baba.

Sasa nyota niliyoizuia. Upepo unaotoka baharini ni mkali kuliko upepo wowote niliowahi kuupata, hata katika asubuhi za mwezi wa saba hapa kwetu, na paa halimfikii kila mtu. Vaeni soksi mbili na kofia inayofunika masikio. Jukwaa la umri huu lina nguzo zinazoshikilia paa, kwa hiyo anayechelewa kuingia anaweza kujikuta nyuma ya nguzo na kuangalia mechi kwa kuinamia pembeni. Ingieni mapema, mchague. Anayependa bia ajue kwamba sheria ya mwaka 1985 inakataza kunywa pombe mahali panapoonekana uwanja wa kuchezea, hivyo ataimaliza chini ya jukwaa au ataiacha. Watoto wasiozoea baridi nisingewapeleka kabla ya mwezi wa nne.

Bei yote, yaani treni, tikiti na samaki, ilifika karibu pauni 70 kwa mtu mmoja. Ni fedha nyingi kwa mtu wa Lubumbashi, nami sitaki kulificha hilo. Hata hivyo siku nyingine ya safari hiyohiyo nililipa ada ya kuzungushwa ndani ya uwanja mmoja mkubwa na mtupu, nikapigwa picha kando ya kikombe, na leo sikumbuki hata rangi ya viti vyake.

Mechi ilipokwisha tulitoka kwa mlango wetu na kuchanganyika na wenyeji katika mtaa uleule, skafu shingoni, na hakuna aliyetusukuma. Treni yetu ya kurudi ilifutwa bila maelezo na kampuni ya reli, tukasubiri zaidi ya saa moja katika kituo cha Cleethorpes pamoja na mashabiki wachache wa Grimsby waliokuwa wakirudi vijiji vya mbali. Mmoja wao, mwanamume wa makamo aliyembeba binti yake mgongoni na samaki wa plastiki kwapani, aliinama kuisoma skafu yangu, akauliza timu hii ipo daraja gani. Nikamjibu kwamba ipo daraja la kwanza la Kongo, mjini Lubumbashi, na kwamba ilianzishwa mwaka 1939. Akatoa simu, akaniomba nimtamkie jina herufi moja moja, akaliandika, kisha akauliza wageni wanaketi upande gani.