Kununua kamera ya mtego Bukavu: ipi ya kwanza, ipi ya kuacha

Fungo, kanu na nungunungu hutoka usiku, na mtu akiwafuata kwa tochi wanakimbia. Kamera inayojipiga yenyewe joto la mwili linapopita mbele yake ndiyo huwapata. Dukani usivutwe na wingi wa megapikseli ulioandikwa kwenye boksi: mara nyingi programu ndiyo inayoikuza picha, si kihisi (kipande kinachopokea mwanga). Lipia uwezo wa kupiga gizani, kasi na mlango wa kamera usiopitisha maji.

1. Mwanga usioonekana (nanomita 940, yaani urefu wa wimbi la mwanga). Hii ndiyo tunayoitanguliza. Taa zake hazionyeshi nukta nyekundu, kwa hiyo mnyama hashtuki wala mwizi haioni. Mwanga wake haufiki mbali. Ifunge mita 3 hadi 5 kutoka njia ya mnyama. Chagua inayopiga ndani ya nusu sekunde. Ikichelewa sekunde nzima, utavuna picha za mikia. Kabla ya kulipa, bana kipande cha karatasi kwenye mlango wa kamera kisha ukivute: kikitoka kwa urahisi, mvua za Septemba hadi Mei zitaingia.

2. Mwanga mwekundu hafifu (nanomita 850). Huangaza mbali zaidi, lakini nukta zake zinaonekana. Inafaa shamba lenye mlinzi.

3. Inayotuma picha kwa simu. Uliza kwanza inashika masafa gani ya mtandao. Baadhi ya zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zimefungiwa mitandao ya huko, na laini yako haitafanya kazi. Mtandao ukiwa hafifu, betri huisha upesi.

4. Kamera kubwa yenye flashi na kihisi cha nje kinachomgundua mnyama. Picha zake ni nzuri kuliko zote, ila gharama, unyevu na wizi vinaishusha. Iache mpaka uijue njia ya mnyama kwa hakika.

Tenga pesa ya betri. Za AA za lithiamu hudumisha nguvu mpaka mwisho; alkalaini hushuka polepole, picha za usiku zikafifia, na zikisahauliwa huvuja na kuharibu vyuma. Za kuchaji zina volti 1.2, kwa hiyo soma kwanza kama kamera inazikubali. Usichanganye mpya na kuukuu. Kadi ya GB 32 inatosha. Ijaze yote nyumbani uone kama faili zinafunguka, maana kadi bandia hudanganya ukubwa wake.

Kitu cha bei ndogo kisichokosekana ni rula, kwa sababu unyayo ndio unaokuambia kamera ikae wapi. Weka rula kando ya unyayo, piga picha kutoka juu kabisa, asubuhi au jioni, kivuli kikionyesha kina. Mondo huacha vidole vinne bila kucha. Fungo huacha ncha za kucha, hivyo huchanganywa na mbwa wa kijiji. Tafuta choo chake, rundo la kinyesi mahali pamoja, lenye mbegu na pete za jongoo. Hapo ndipo pa kufunga kamera. Mihogo iliyofukuliwa na miiba chini ni ya nungunungu.

Ifunge sentimita 30 hadi 50 kutoka ardhini, ikiikata njia mshazari, ikitazama kaskazini au kusini ili jua lisiipige usoni. Fyeka majani mbele yake: yakipata joto la jua na kutikiswa na upepo, yataijaza kadi picha tupu. Weka pakiti ya jeli ya kukausha ndani, na uangalie siafu kila unapobadilisha betri.

Ndani ya hifadhi ya taifa ya Kahuzi-Biega usifunge chochote bila ruhusa ya ICCN, taasisi ya Kongo inayosimamia hifadhi. Shambani, mwombe mwenye ardhi na umjulishe shefu wa kijiji. Kamera iliyofichwa bila taarifa huonekana ya upelelezi. Ukipata picha ya kakakuona, futa kwanza alama za mahali kwenye faili kabla ya kuituma popote, kwa kuwa wawindaji nao wanazitafuta.