Darkthrone au Emperor: Albamu Mbili za 1994

Albamu hizi mbili za black metal, aina kali na ya giza ya muziki wa roki, zilitoka Norwei mwaka uleule, 1994, lakini mikono iliyozifinyanga haikufanana. Katika Transilvanian Hunger ya bendi ya Darkthrone, mwanabendi Fenriz alipiga gitaa, besi na ngoma peke yake, akarekodi kwa mashine ya nyumbani yenye njia nne tu za sauti, kisha mwenzake Nocturno Culto akaimba. Gitaa la Fenriz linachachatika kama mvua juu ya bati, na ngoma hazibadiliki karibu wimbo mzima, kiasi kwamba jirani yangu hapa Moshi aliwahi kuniuliza kama redio imepoteza mawimbi.

In the Nightside Eclipse ya bendi ya Emperor, iliyorekodiwa katika ukumbi wa muziki wa Grieghallen mjini Bergen, ni pana zaidi: kinanda kinatanda nyuma ya magitaa kama ukungu. Kwa ufundi inashinda, sibishi, ila inadai hedifoni nzuri na saa nzima ya utulivu.

Mimi nachagua Darkthrone. Asubuhi ya Julai, Kilimanjaro ikiwa imejifunika na chai ya tangawizi ikifuka mezani, ule ukavu wake hunitosha kabisa.