Ukaguzi wa awali wa umeme, maji na taka kwa kampuni za Tanga: lipia vipimo kabla ya ripoti

Kampuni ya Tanga inayotaka kuanza kupunguza madhara yake kwa mazingira itauziwa huduma ileile kwa majina mengi: ukaguzi wa awali, tathmini ya kijani, mpango wa uendelevu. Ndani yake mna siku ya kuzunguka eneo la kazi, wiki ya vipimo, hesabu ya gesi joto (gesi zinazoongeza joto la dunia), kisha ripoti yenye mpango wa kazi. Hapa tunaipima kwa mahitaji ya karakana, ghala la samaki, mashine ya mbao au hoteli ndogo ya mtaa wa Raskazone. Kiwanda kikubwa cha saruji kina wataalamu wake.

Tuseme mapema: wiki ya vipimo ndiyo huduma yenyewe. Anayeahidi ripoti baada ya kutembea siku moja na kamera, mkatalie.

Mtoa huduma anayejua kazi hutuma orodha kabla hajafika: bili za miezi 12 za umeme na maji, leja ya dizeli, na kumbukumbu za gesi iliyoongezwa kwenye majokofu na viyoyozi. Wenye mita za Luku hukosea hapa, kwa sababu uniti (kilowati-saa) zilizonunuliwa si uniti zilizotumika. Ukinunua uniti 2,000 tarehe 30 Desemba, matumizi yake ni ya Januari. Soma mita yenyewe kila Jumatatu saa 2 asubuhi na uandike daftarini. Dizeli nayo ina mtego wake: leja nyingi huchanganya ya magari na ya jenereta, na zikichanganyika hujui jenereta inakula lita ngapi kwa kila uniti. Jenereta iliyobeba mzigo wa kutosha hutumia karibu lita 0.3 kwa uniti. Ukiona 0.45 na kuendelea, mara nyingi jenereta ni kubwa mno kwa kazi inayopewa, na ikizoea kwenda chini ya theluthi ya uwezo wake hujaza masizi na mafuta yasiyoungua kwenye ekzosi.

Sasa vipimo. Kifaa cha kurekodi umeme hubana nyaya bila kuzikata na kuandika usomaji kila baada ya dakika chache. Kinafungwa kwenye bodi kuu na, kama vipo vya kutosha, kwenye kila mashine kubwa. Kosa linaloharibu wiki nzima ni kibano kimoja kati ya vitatu kugeuzwa nyuma mbele: fezi hiyo (moja ya nyaya tatu zinazoleta umeme) husomeka hasi, na jumla hushuka hadi theluthi ya ukweli. Fundi aangalie namba za fezi zote tatu kabla hajaondoka, na mshale wa kila kibano uelekee kwenye mzigo. Siku saba ziwe kamili, Jumapili ikiwemo. Usiku na Jumapili ndipo siri zinapotoka. Karakana iliyofungwa ikionyesha bado inavuta kilowati 4, kwa saa 12 za kila usiku, mwaka mzima ni uniti 17,520. Kwa kawaida chanzo ni kompresa iliyoachwa imewashwa, kiyoyozi cha ofisi na pampu yenye swichi mbovu.

Msimu nao uhesabiwe. Vipimo vya Julai, kusi likivuma, vitaonyesha viyoyozi na vyumba baridi vikifanya kazi nyepesi kuliko Februari ya kaskazi. Ripoti inayochukua wiki moja ya Julai na kuizidisha mara 52 imekosea kabla hujaifungua. Ilinganishwe na bili za miezi yote 12.

Kwa mteja wa Tanesco aliye kwenye daraja la T2, ambalo pamoja na uniti hulipia pia kilele cha mahitaji kwa kVA (mzigo wote ambao laini inabeba), huduma ipime pawa fakta, yaani sehemu ya kVA hizo inayofanya kazi kweli. Karakana yenye mzigo wa kilowati 80 kwa pawa fakta ya 0.75 inaonekana kwenye mita kama kVA 107. Ikipandishwa hadi 0.95 inakuwa kVA 84. Zile kVA 23 zilikuwa zinalipiwa kila mwezi bila kukata hata ubao mmoja. Kinachohitajika ni kapasita, vifaa vinavyopandisha pawa fakta, za takriban kVAr 44 (kipimo cha ukubwa wake), zinazoingia na kutoka kwa hatua kulingana na mzigo. Kapasita moja kubwa iliyofungwa moja kwa moja hubaki kwenye laini usiku mashine zikiwa zimezimwa, na hupandisha volti. Penye mota nyingi zinazoendeshwa kwa inveta (kifaa cha kubadili kasi ya mota), kapasita za kawaida hupata joto na kufa mapema. Ripoti isiyogusia jambo hilo iliandikwa na mtu wa mauzo. Kwa mteja wa daraja la T1, ambaye hatozwi kVA, usikubali kuuziwa kapasita kwa hoja ya bili.

Upepo wa kompresa ni eneo ambalo wakaguzi wengi hulipita haraka, wakati kipimo chake hakihitaji kifaa chochote zaidi ya saa. Zima vifaa vyote vinavyotumia upepo, acha kompresa imewashwa. Hesabu sekunde inazojaza na sekunde inazopumzika, mara nne au tano, upate wastani. Ikijaza sekunde 90 na kupumzika 210, gawanya 90 kwa 300: asilimia 30 ya uwezo wa kompresa inavuja. Tundu la milimita 3 kwenye presha ya baa 7 hula karibu kilowati 3 za mota. Povu la sabuni kwenye maungio na mipira litakuonyesha yalipo, na mengi huzibwa kwa klempu siku hiyohiyo.

Kwenye hesabu ya gesi joto ubora wa huduma hutofautiana mno. Utaratibu unaotumika duniani hugawa mafungu matatu: unachochoma na kuvujisha mwenyewe, umeme unaonunua, na yale ya wauzaji na wateja wako. Kampuni ndogo ianze na mawili ya kwanza. Dizeli ni rahisi, kila lita moja ni kilo 2.68 za hewa ukaa. Kwenye umeme, uliza kigezo, yaani kilo za hewa ukaa kwa kila uniti, kimetoka wapi. Karatasi za hesabu zilizotengenezwa kwa Afrika Kusini, ambako umeme mwingi ni wa makaa ya mawe, zikitumika Tanga zitakupa mzigo usio wako. Gridi yetu ina maji na gesi asilia, na tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ianze kuingia mwaka 2024, hata vigezo vya Tanzania vya miaka michache nyuma vimepitwa.

Jambo linalosahaulika zaidi, na linalotuuma, ni gesi za majokofu. Kilo moja ya R404A, inayotumika sana kwenye vyumba baridi, huhesabiwa sawa na kilo 3,922 za hewa ukaa. Ghala la samaki linaloongezewa kilo 10 kwa mwaka kwa sababu ya uvujaji limetoa zaidi ya tani 39, ambazo ni kama kuchoma lita 14,600 za dizeli. Huenda jenereta lao lote halifiki hapo. Kwa hiyo fundi anayekuja na mtungi kila baada ya miezi michache bila kutafuta tundu anagharimu mazingira na mfuko kwa pamoja. Ripoti ya ghala isiyo na mstari wa gesi irudishwe.

Maji hayana mambo mengi. Soma mita saa 3 usiku kazi zikiisha, usome tena saa 11 alfajiri. Ikisogea na hakuna aliyetumia, kuna uvujaji; anza na matangi ya vyoo kwa kutia rangi na kuangalia bakuli baada ya dakika 15. Maji ya jiji hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, na mwaka 2024 mamlaka ya maji Tanga iliuza hatifungani ya kijani (njia ya kukopa kwa umma kwa ajili ya miradi ya mazingira) ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma. Kila lita inayopotea ndani ya uzio wako imepitia gharama hiyo.

Taka zipimwe kwa mizani siku saba, kila aina kwenye kiroba chake: mabaki ya chakula, maranda, plastiki, chuma, karatasi. Mizani iwekwe hapo hapo zinapomwagwa, kwa sababu ikiwa mbali, kufikia siku ya tatu watu hukisia. Kwa wenye mkonge hesabu ni nzito kuliko zote: katani, yaani nyuzi, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, iliyobaki hutoka na maji ya korona, mashine ya kutoa nyuzi. Mtambo wa biogesi wa Hale, Korogwe, ulionyesha kwamba mabaki hayo yanazalisha umeme. Mkaguzi anayefika shambani bila kuutaja hajui mkoa huu.

Kuhusu sola: watoa huduma wengi ni mawakala wa paneli. Paneli zikikadiriwa kabla ya kuziba uvujaji utanunua mfumo mkubwa kuliko haja yako. Pwani hapa fremu ziwe za alumini na bolti ziwe za stenlesi, maana chumvi hula mabati haraka, na paneli zipewe mwinamo wa nyuzi 10 au zaidi ili mvua izisafishe.

Huduma hii haichukui nafasi ya ukaguzi wa mazingira unaotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Huo hufanywa na mtaalamu aliyesajiliwa na kupelekwa NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira. Anayekuambia kimoja kinatosha kwa vyote viwili anakuweka pabaya.

Kwenye mkataba, andikeni kwamba data ghafi za vipimo ni mali ya kampuni na zitakabidhiwa kama faili la kompyuta, si picha ndani ya ripoti. Kila kazi kwenye mpango iwe na jina la mtu, msimamizi wa stoo au fundi wa zamu. Neno "uongozi" halizibi bomba. Sehemu ya mwisho ya malipo ibaki hadi siku 90 baadaye, mkaguzi atakaporudi na vibano vyake kwenye bodi ileile, fezi zilezile, kwa siku saba nyingine.