Mashine ya boti: ya kuchanganya oili au ya oili mbali?

Ya kuchanganya, ambayo oili hutiwa ndani ya petroli, mara nyingi hugoma kwa sababu ya kipimo. Nyingi hutaka 1 kwa 50, yaani petroli lita 20 kwa oili mililita 400. Ukizidisha oili ukidhani unailinda, plagi inalowa, inakuwa nyeusi, cheche haipigi. Ifungue, ipanguse, vuta kamba mara tano tundu likiwa wazi mafuta yatoke, kisha irudishe uwashe bila choki (kipunguza hewa). Hilo hufanyika hata katikati ya mkondo.

Ya oili mbali, ambayo oili hukaa peke yake ndani ya mashine, hunywa petroli kidogo, lakini matundu ya kabureta yake ni membamba mno. Petroli ikilala humo msimu mzima wa kusi hugeuka ulimbo: mashine inawaka kwa choki tu, ukiirudisha inazima. Hapo ni kufungua kabureta na kusafisha jeti, yaani matundu hayo, na kazi hiyo haitaki mawimbi. Oili yake nayo hubadilishwa takriban kila saa 100. Kununua ni ghali zaidi, na ni nzito kubeba.

Mvuvi wa Kojani, Pemba, anayekaa dago (kambi ya uvuvi), mbali na fundi, ya kuchanganya itamfaa. Boti ya wageni Nungwi, inayotoka kila siku, itafidia bei ya mashine ya oili mbali kwa petroli inayookolewa. Maji yakiingia tangini, zote mbili hazitawaka: angalia chujio kwanza.